Gari ya Demo

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa Mama mdogo Naeema,

Assalaam aleikum. Barua hii ikukute umekaa penye upepo, chai iko mkononi na wateja wako wa feri hawajaanza kelele zao. Sisi huku tuko salama, alhamdulillahi, ila joto. Joto la mwezi huu ni balaa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu ile simu ya msiba ya mwaka juzi umekataa kabisa kushika simu, na mimi nimechoka kukubishia. Obonyo amesema pikapu yake inarudi Luanda Kotieno akishamaliza kushusha samaki, kwa hivyo naandika mbio mbio kabla hajabadilisha nia. Unamjua Obonyo.

Duka la mapazia linakwenda. Akinyi jirani yetu bado anakaa na Mama mchana nikiwa kazini, Mungu ambariki, ana subira ambayo mimi sina. Paka alizaa kwenye sanduku la vitambaa vya arusi na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Sasa Mama. Sitakuficha. Dadako anazidi kusahau. Wiki jana alimwita Akinyi kwa jina la mwalimu wake wa madrasa, na mimi aliniuliza nimetoka ukoo gani. Lakini kila jioni anasema, "Naeema amefika?" Nikimwambia bado, anasema, "Basi msifunge mlango." Sisi hatufungi mpaka alale. Daktari amesema majina yatakuwa yanamtoka, moja baada ya jingine, na hawezi kujua lipi litafuata. Nataka umwone wakati lako bado liko mdomoni mwake. Hiyo ndiyo haja yangu, nimeisema, na sizunguki.

Najua hujakanyaga Kisumu tangu tumzike Nasir. Sikulaumu, mwanao alikuwa mmoja tu. Najua pia matatu inakutapisha. Ndiyo maana nimeamua kununua gari. Nitakuja kukuchukua mlangoni kwako na nitakurudisha mlangoni kwako. Nilipomwambia Mama neno gari, uso wote ulifunguka. Akasema, "Mwambie Naeema aje apige honi." Akinyi akadhani amechanganyikiwa. Nikamweleza kuhusu gari ya Babu Obeid, ile Pijo iliyokaa juu ya mawe hapa uani, haina matairi, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na nyinyi wawili, mkiwa watoto, mkisafiri nayo kila siku bila kutoka getini.

Gari nimeiona. Iko duka la magari, barabara ya kwenda uwanja wa ndege, na anayeiuza anaitwa Frankline. Ni gari ya demo. Imetembea kilomita kama elfu saba, lakini haijawahi kuwa na mwenyewe. Hata namba yake haina, inatembea na vibao vya kubandika tu. Ndiyo maana bei yake imeshuka. Shakir fundi anasema gari ya demo kila mtu ameikanyaga na hakuna aliyeionea huruma. Wengine wanasema afadhali hii kuliko mtumba wa Japani ambao hujui umepitia wapi. Mimi nasubiri neno lako, kwa sababu wewe ndiwe utakayekaa ndani.

Mtoto wako,
Rehma


Luanda Kotieno
25 Januari 2025

Mwanangu Rehma,

Waaleikum salaam warahmatullahi. Obonyo amenipa barua yako ikiwa na harufu ya samaki wa omena na doa la mafuta ambalo anaapa si lake. Nimefurahi kusikia habari za duka na za paka. Usimtoe. Mama akizaa mahali, pale ni pake.

Sisi huku ziwa limetuchezea. Magugu maji yalikuja yakaziba gati lote, kijani kutoka hapa mpaka macho yanapochoka, na feri ya Mbita ikakaa pale ikingoja. Watu walikaa hotelini kwangu mpaka wakaanza kujuana. Mzee mmoja aliuza mbuzi wake akiwa bado ameketi. Kisha upepo ukageuka, magugu yakaenda zao yote pamoja na ndege waliokuwa wamesimama juu yake, na watu wakaondoka bila kuagana. Nimebaki nikitazama maji nikajiuliza kama walikuwepo kweli.

Nikaota ndoto. Nimemwona dada Khadijah kwenye ile Pijo, iko juu ya magugu, inaelea taratibu kuelekea Rusinga. Amevaa gauni lake la Idd lenye mifuko. Mimi niko ufukweni, nampigia honi kwa mdomo vile nilivyokuwa nikifanya, kwa maana usukani ule honi yake ilikuwa imekufa kabla sisi hatujazaliwa. Hageuki. Nikaamka nikiwa na kiu.

Mpe dada yangu salamu. Mwambie sikusahau. Mwambie honi iko tayari. Alikuwa mkali sana na honi, huyo. Tukifika mahali pa msikiti, na msikiti wenyewe ulikuwa ni banda la kuku, ananyamazisha watu wote ndani ya gari, mimi na kuku.

Kuhusu kuja, miguu inanivimba, na hoteli hii nikiiacha siku moja wasichana watauza chai ya maji matupu. Tutaona. Na wewe mwanamke mwenye gari, wachumba watakuogopa, ujue hilo mapema.

Hiyo gari ya demo, ni rangi gani? Hizo kilomita zilitembezwa na nani, na zilitembezwa wapi? Mbele haijagonga kitu? Angalia vizuri upande wa kushoto.

Mama mdogo wako,
Naeema


Kaloleni
9 Februari 2025

Mama mdogo mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wote wa nyumba hii, pamoja na paka na wanawe. Kumbe unajua magari! Nimemsomea Shakir maswali yako, akasema huyo mama aje afanye kazi gereji. Mimi nilikuwa nimeangalia redio na kama viti ni laini.

Majibu yako haya. Rangi ni nyeupe. Kilomita zake ni za hapa hapa Kisumu, Frankline anasema hakuna barabara ya mji huu ambayo haijapita. Walioiendesha ni wengi mno, hawakumbuki wote. Na upande wa kushoto, wewe ni mchawi? Bampa ya mbele imepakwa rangi upya kushoto kule kule. Frankline anasema iligonga kitu, hajui nini, na aliyekuwa akiendesha hakusema. Mimi sioni shida kubwa. Rangi imekaa vizuri, huwezi kujua mpaka uinamishe kichwa.

Jumatano Frankline alituruhusu tuizungushe, nikamchukua Mama mpaka Dunga. Laiti ungemwona. Alikaa mbele, mkono ameuweka juu ya dashibodi kama anayemtuliza mnyama. Tukapita gatini, akasema tusimame, meli inaingia. Hakukuwa na meli. Palikuwa na maji tu, yamelala, na kiboko mmoja mbali ambaye huenda alikuwa gogo. Lakini Mama alikuwa anaona watu wakishuka. Akanitajia nguo zao. Akamwona Babu amebeba gunia la sukari ya Muhoroni, akampungia mkono. Sikumkatiza. Nikazima injini tukakaa pale, Frankline kiti cha nyuma, mpaka watu wote wa meli wakashuka.

Tulipofika nyumbani akakataa kutoka. Akasema anamngoja mtu wa honi.

Basi ni wewe tu. Frankline anataka jibu kabla ya Idd. Mimi moyo umeshaipenda, sitakudanganya, lakini ukisema hapana, ni hapana.

Rehma


Kaloleni
Jumanne, 1 Aprili 2025

Mama mdogo,

Idd mubarak, kullu aam wa antum bikheir. Ramadhani imekwenda yote. Kapu la samaki wa kukausha lilifika, asante, tulifuturu nao siku nyingi. Samaki walifika. Barua haikufika. Niliwatoa mmoja mmoja nikitafuta hata kikaratasi chini ya majani ya mgomba, nikakuta majani.

Nimemuuliza Obonyo kama u mgonjwa. Anasema huumwi, unapika, unagombana na watu wa feri, uko vile vile. Sasa mimi nifikiri nini? Nimekuandikia nikakujibu kila ulichouliza, rangi, kilomita, bampa, halafu ukazima kama taa. Kama hutaki kuja, sema hutaki. Kama unaona napoteza pesa, niambie Rehma wewe ni mjinga. Nimeshazoea kuambiwa. Lakini kunyamaziwa na wewe sijazoea, na kunaniuma.

Siku ya Idd Mama aliniita Naeema kutwa nzima. Alinishika mkono akanipeleka uani pale palipokuwa na Pijo, ambapo sasa ni kamba ya nguo, akasema, "Panda." Nikasimama chini ya shuka mbichi nikijifanya niko kwenye gari. Akaniambia, "Piga." Nikapiga honi kwa mdomo. Akanitazama, akaachia mkono wangu. Akasema, "Wewe siye."

Nimelia Idd nzima. Hilo ndilo unalolikimbia, Mama mdogo? Mimi siwezi kuipiga badala yako. Nimejaribu.

Frankline ana mteja mwingine, mkulima wa miwa kutoka Muhoroni, anaitaka gari leo kesho. Nimemwomba aishikilie mpaka mwisho wa mwezi.

Rehma


Luanda Kotieno
13 Aprili 2025

Rehma,

Leo salamu utazikuta mwisho. Nikianza nazo nitajificha ndani yake tena.

Wewe siku ile ya msiba wa Nasir ulikuwa nyumbani ukimshika mamako. Mimi nilipofika kutoka huku nilikwenda kwanza pale njia panda ya kisiagi, peke yangu, nikasimama na Dorca, yule mama anayesagia watu mahindi pale. Yeye ndiye aliyeona. Sikuwahi kuwaambia alichonieleza, kwa sababu nilitaka nyinyi mbaki na Nasir mzima.

Ilikuwa siku ya demo, maandamano mji mzima. Nasir alikuwa amekwenda kufunga kibanda chake cha simu, vijana walikuwa wamewasha matairi, moshi umetanda mtu haoni mkono wake. Ikatoka gari humo ndani ya moshi kwa mbio. Nyeupe. Haina namba. Ikampata kwa mbele, upande wa kushoto, ikaenda. Haikupunguza hata kidogo. Hakuna aliyejua ni ya nani, wala imetoka wapi, wala imeelekea wapi. Nenda leo ukamuulize mtu yeyote pale. Watakwambia, alipigwa na gari ya demo. Ndilo jina waliloipa.

Kisha wewe unaniandikia. Gari ya demo. Haina mwenyewe. Haina namba. Kila mtu ameikanyaga. Nikasema hapana, Naeema, magari ni mengi, uliza rangi. Nikauliza. Nyeupe. Nikauliza imegonga nini. Ukasema kushoto, imepakwa rangi, aliyekuwa akiendesha hakusema. Na ukafurahi, ukaniita mchawi! Rehma, mwanangu, ulitaka nifanye nini? Nilikaa na barua ile kwenye kanga mwezi wote wa Ramadhani. Nilisema mtoto wa dada yangu anataka kunipandisha gari iliyoniulia mtoto, na hajui, na nikimwambia nitamuua na yeye.

Nikakukasirikia pia. Ndiyo. Nikakuona umelala usingizi wakati nyumba inaungua.

Na kuna jambo baya zaidi, nalo nakuambia kwa sababu nimechoka. Kuna siku nilitaka kuja. Si kwa Khadijah. Nilitaka kuja niishike hiyo bampa kwa mkono wangu. Sijui ningefanya nini baada ya hapo. Niliota nimeishika, ilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Nilipoamka, mkono wangu ulikuwa bado umenyooka.

Hiyo gari mwache mtu wa Muhoroni aichukue. Ama mwambie. Mwambie ni gari gani.

Salamu kwa Akinyi. Salamu kwa dada yangu.

Naeema


Kaloleni
Jumanne, 15 Aprili 2025

Mama mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama dukani, nikaketi chini kwenye vitambaa. Mteja alidhani nimezimia. Obonyo nimemlazimisha arudi huko leo leo, nimemlipia mafuta, hana hata mzigo wa kubeba.

Nisamehe. Lile neno limekuwa mdomoni mwangu na Frankline miezi yote hii, demo demo demo, mpaka nikasahau kwamba lina maana nyingine, tena hapa Kisumu, tena kwetu. Frankline analisema kizungu cha dukani. Mimi nikakubebea vile vile bila kulifungua niangalie ndani kuna nini.

Sikiliza. Mteja wako akisimama mlangoni hajui kama samaki ni mtamu, wewe unafanyaje? Unamkatia kipande aonje. Basi hii ndiyo gari ya kuonja. Duka lina magari mapya yamefunikwa, hayaguswi, na wanatoa moja tu kwa ajili ya watu kujaribu. Huyo anaizungusha, anarudi. Yule anaizungusha, anarudi. Kwao hiyo ndiyo demo. Haina mwenyewe kwa sababu ilikuwa bado haijauzwa. Namba ni za duka, za kuhamisha gari hadi gari. Kilomita elfu saba zote ni za watu waliokuwa wakionja.

Nilimkamata Frankline jana nikamwambia anitajie wote anaowakumbuka. Walimu wawili waliooana juzi, wakaenda nayo mpaka Maseno, wakarudi, wakasema ahsante, hawana pesa. Padri mmoja aliyetaka kujua kama kanzu itaingia vizuri. Mama aliyeketi kiti cha nyuma tu, akasema anataka kujua wanawe watakuwa wakiona nini. Mzee anayekuja kila mwisho wa mwezi na suti, anaiendesha mpaka Kisian, na Frankline anajua hatanunua kamwe lakini humpa ufunguo. Mimi nimekuwa nikifikiri juu yao tangu jana. Kila mmoja kwa muda mfupi alikuwa na gari, na nyumba ya kuiegesha, na safari. Ndizo kilomita zake hizo, Mama mdogo.

Bampa. Shakir ameing'oa leo asubuhi mbele yangu. Chini ya rangi nyeupe kuna rangi ya kijani. Ni kijani ya geti la duka lenyewe, geti nalo lina mkwaruzo wake pale pale. Nilipeleka kidole changu nikapima. Tulipomwonyesha mlinzi akacheka, akasema ni mmoja wa wale walimu, alikuwa hajawahi kuendesha gari kubwa, akaona haya.

Na hii ndiyo muhimu kuliko zote. Gari hii ilishuka melini Mombasa mwezi wa tatu mwaka jana. Nimeona karatasi, na Shakir ameangalia vioo, mikanda, kila mahali wanapopiga mhuri wa mwaka. Siku aliyoondoka Nasir, gari hii ilikuwa haijatengenezwa. Haikuwepo duniani.

Ile nyingine sijui iko wapi. Natamani ningekuambia. Hakuna anayejua, na hilo nalilia pamoja nawe.

Sijainunua. Frankline anang'ang'ana waranti, ile dhamana ya gari, ihesabiwe tangu siku gari ilipoingia barabarani, na mimi sijamjibu, kwa sababu sina haja ya kubishania gari ambayo huwezi kuipanda. Ukisema hapana nitatafuta ya mtumba, rangi yoyote ile, ilimradi si nyeupe.

Mama hajaniita jina lolote tangu Idd. Lako bado analitaja.

Rehma wako


Luanda Kotieno
20 Aprili 2025

Mwanangu,

Waaleikum salaam kwa salamu ambazo hukuandika. Sote tuzima. Leo Wakristo wana Pasaka yao, ufukwe mzima umevaa nyeupe, mitumbwi imepumzika, na hotelini kwangu wameniletea mkate na soda. Mvua imekuja vizuri.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Nilipofika kwa yule padri na kanzu yake nilicheka, halafu kicheko kikageuka, msichana wangu wa jikoni akaja mbio na maji. Nimelia mpaka nikasikia njaa. Sikuwa nimesikia njaa ya kweli tangu mwezi wa pili.

Halafu nikaota mchana, nimeketi, macho wazi. Wale watu wako wote walikuwa kwenye gati wanangoja feri, walimu, padri, mzee na suti yake, mama na wanawe ambao hawajaketi kiti cha nyuma. Nasir alikuwa miongoni mwao, ameshika simu ya mtu anaitengeneza. Hakuwa na haraka. Nikatamani nisipepese.

Haikuwepo duniani. Nimelirudia neno hilo siku nzima kama tasbihi.

Basi inunue. Lakini mwambie huyo Frankline, samaki wa kuonja hauzwi bei ya samaki mzima. Akutilie matairi mapya, hayo yamekwisha na ndoto za watu. Na hiyo waranti, mwambie bibi arusi tunamhesabia ndoa tangu siku ya nikaha, si tangu siku aliyozaliwa. Akikataa, mlete huku nimpe chai, tuzungumze.

Nakuja. Njoo unichukue Ijumaa ukimaliza kuandikisha. Tutapita Ndori, tutapita Kisian, na tukifika mjini usizunguke kwa ajili yangu. Pita njia panda ya kisiagi, pale pale, polepole. Usiniambie tumefika. Nitajua.

Mama mdogo wako,
Naeema


Luanda Kotieno
18 Mei 2025

Mwanangu Rehma,

Assalaam aleikum. Nimefika salama kama ulivyoona mwenyewe, na wasichana waliuza chai ya maji matupu kama nilivyosema. Obonyo ana wivu na gari yako. Ameniuliza mara ngapi kama matairi ni mapya kweli, nikamwambia ni mapya, na waranti ni ya tangu siku ya nikaha. Feri inakwenda, magugu yamerudi kidogo upande wa Asembo lakini hayajatufikia.

Pale njia panda nakushukuru kwa kuzima redio bila kuambiwa. Nilidhani nitaona kitu. Niliona mama anauza nyanya, mtu anashusha baiskeli, na unga mweupe umetanda mlangoni kwa Dorca. Niliposhuka ukanisubiri na injini inaguruma, na nilipoweka mkono juu ya bampa uliangalia pembeni. Niliona. Ilikuwa na joto la injini tu.

Kuna jambo sikukuambia, kwa sababu tulipokuwa pamoja sikuweza kulisema na nikabaki mzima.

Unajua alivyonipokea Khadijah. Siku zote zile nilizokaa kwenu nilikuwa mgeni. Aliniita mama wa samaki. Adabu zake zote anazo, alinipa kiti, akaniuliza safari, akaniambia nisione haya nile. Na jioni akasimama mlangoni akauliza, "Naeema amefika?" nami nimeketi nyuma yake. Uliniona nikienda msalani. Sikwenda msalani. Nilisimama uani nikashika ile kamba ya nguo, nikajiambia umechelewa, Naeema, umekaa ziwani ukiogopa gari ambayo haikuwepo duniani, na dada yako ameondoka.

Asubuhi ya mwisho ulituketisha garini, yeye kwenye usukani kwa sababu alikataa kiti kingine, ufunguo uko mkononi mwako, ukarudi ndani kumtafutia leso. Ulikawia. Najua ulikawia makusudi, wewe si mjinga kama unavyosema.

Tukakaa. Kuku wa Akinyi walikuwa wanapita pita. Dada yangu akashika usukani kwa mikono miwili, akanyoosha shingo vile vile kama zamani alipokuwa haoni mbele. Hakuniangalia. Akaanza kuendesha. Alikata kona, akapanda kilima, akapunguza mahali, nadhani palikuwa na mbuzi. Nikamfuata kwa mwili, akikata kushoto nami nalala kushoto. Sijui tulikuwa tumefika wapi. Niliona miwa pande zote mbili, kwa hivyo labda ilikuwa njia ya Muhoroni. Kisha miwa ikaisha nikaona maji. Nilikuwa na raha, Rehma, raha ambayo sikuitegemea tena katika maisha haya, na nilikuwa naogopa kupumua.

Nikasema, ikiwa siye, siye, lakini nitapiga. Nikapiga kwa mdomo. Paaap. Ndefu, ile ya kona.

Akakanyaga breki. Mguu wake uligonga chini kwa nguvu. Akanigeukia na macho yake makali yale, ya msichana mwenye gauni la mifuko, akaweka kidole mdomoni.

"Naeema," akasema, "acha honi. Watu wanaswali."

Nikaacha. Tukapita msikiti taratibu, wote wawili tumeinamisha vichwa, mpaka akaona tumevuka. Ndipo wewe ukatoka na leso.

Mama mdogo wako,
Naeema